Somo la Leo: Taa Nyekundu ya Betri

Soma pamoja nami.

Ukifungua swichi ya gari, taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka. Injini ikinguruma, huzimika. Je, ikiwaka njiani? Usikimbilie kununua betri mpya. Taa hiyo yasema kwamba altaneta hailishi betri umeme.

Simama kando, zima injini, tazama mkanda unaozungusha altaneta. Umekatika? Usiendelee. Katika magari mengi mkanda huo huzungusha pia pampu ya maji, injini itachemka. Ni mzima? Nenda kwa fundi upesi, kabla ya giza. Apime: injini ikienda, betri ya volti 12 huonyesha kama volti 14.

Sasa andika: betri, mkanda, altaneta. Kwaheri.