Kishambaa cha Bungu na Shahada ya Daraja la Kwanza

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daraja la kwanza la shahada ya awali huanzia wastani wa alama 4.4 kati ya 5. Mwanaisimu chipukizi atokaye Bungu, Korogwe, hulikaribia akiwa na hazina kinywani. Lakini hazina hiyo peke yake haimtoshi. Katika Kishambaa, *nyoka* na *ngoto* (kondoo) yote yana toni ya juu, ila katika *ngoto* toni ya pili hushuka kidogo. Mmarekani David Odden aliitumia tofauti hiyo mwaka 1986 katika mjadala wa kimataifa wa nadharia ya toni. Ruth Besha, mwalimu wa Chuo hicho, alichapisha Berlin mwaka 1989 utafiti wake wa njeo za Kishambaa. Je, Bungu hutamkwa vivyo hivyo? Awasome hao, kisha apande mlimani na kinasa sauti.