Orijino ya Mwezi Gani?

Chukua msasa laini wa maji, usugue polepole kipande cha tangi la pikipiki ya jeshi ya BSA M20 ambayo haijawahi kukwanguliwa hadi chuma. Rangi itafunguka duara ndani ya duara. Nje kabisa ni ile aliyoipaka raia wa mwisho kuimiliki, mara nyingi nyeusi. Chini yake unatokea kijani cha zeituni, ambacho jeshi la Uingereza lilikigeukia mwaka 1944. Ukiendelea kusugua, unakutana na kahawia iliyoenea kuanzia 1942, malighafi ya rangi ya kijani ilipoadimika. Na ikiwa chombo kilitoka kiwandani mapema, chini kabisa kuna kijani cha khaki cha mwanzo wa vita. Eneo la ukubwa wa sarafu limekwisha kukusimulia maisha ya pikipiki nzima.

Watu wanaopenda kuunda upya pikipiki za zamani huulizana kwanza: spea zake ni orijino? Kwa maoni yangu swali hilo halijakamilika. Pikipiki ambayo kiwanda kiliitengeneza kwa miaka mingi haikubaki ileile, kwa hiyo yafaa kuuliza ni orijino ya mwaka gani, na ikiwezekana ya mwezi gani. Asiyeuliza hivyo hununua spea halali kabisa, akazifunga kwenye pikipiki isiyo yazo.

M20 ni darasa zuri la jambo hili. Iliingia sokoni 1937, ikiwa kazi ya msanifu Val Page, na kiwanda cha BSA cha Small Heath, Birmingham, kiliipatia serikali zaidi ya pikipiki 126,000 za aina hii kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Ina silinda moja ya sentimita za ujazo 496, valvu zimesimama ubavuni mwa silinda, nguvu yake ni farasi 13 tu, na nyuma haina shokapu. Mgandamizo wake ni mdogo, chini ya 5 kwa 1, ndiyo maana iliweza kunywa petroli hafifu ya jeshini bila kugonga. Ni nzito na haina haraka, lakini ilisanifiwa ili askari aliyepiga magoti kando ya barabara aweze kuifungua na kuifunga tena. Sifa hiyo ndiyo inayotuwezesha kuihuisha leo.

Sasa tazama mishikio ya usukani. Mapema 1942 Japani iliiteka Malaya, na mpira ukawa bidhaa ya kuhesabiwa. Katika M20 za baada ya hapo mishikio ilitengenezwa kwa turubai, na pedali za kuwekea miguu zikabaki chuma kitupu. Ukiunda pikipiki ya 1943 ukaivalisha mishikio mipya ya mpira, umeipendezesha, lakini umefuta uhaba ule. Nikiona turubai iliyochakaa kwenye usukani huwa nafurahi kuliko kuona kromu inayong'aa.

Kutambua spea kunahitaji macho na subira. Vyuma vingi vya BSA vimegongwa nembo ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, kwa kuwa kampuni ilianza kwa kutengeneza silaha. Magneto na dinamo za Lucas hubeba mwezi na mwaka zilipotengenezwa, vikiwa vimegongwa kwenye mwili wake. Ukikuta tarehe ya mwanzoni mwa 1941, kumbuka kwamba usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalipiga Small Heath na kuua wafanyakazi 53, na waliobaki wakaendelea na kazi. Fremu za wakati wa vita zina namba inayoanza na WM20, na injini ina namba yake nyingine. Namba hizo mbili hazikufanana tangu kiwandani, hivyo muuzaji anayejisifu kwamba zake zinalingana anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hata injini iliyohama fremu isikutie wasiwasi. Karakana za jeshi, zikiwemo zile za kikosi cha mafundi cha REME kilichoundwa Oktoba 1942, zilifungua pikipiki zilizoharibika na kuziunda tena kwa chochote kilichokuwa rafuni. M20 iliyotoka huko ikiwa na injini ya pikipiki nyingine imechanganyika kihalali, na mchanganyiko huo ni sehemu ya historia yake. Kinachonitia wasiwasi ni namba iliyosagwa kwa grainda au kugongwa upya. Hapo ondoka, maana hata usajili utakusumbua. Chama cha wapenda pikipiki za zamani cha VMCC, kilichoanzishwa Uingereza 1946, husaidia kuthibitisha umri wa chombo, lakini namba iliyokwisha kufutwa hakuna awezaye kuisoma. Kwa sababu hiyo pesa ya kwanza iende kwenye fremu na nyumba ya injini. Tangi, madigadi na taa hupatikana kidogo kidogo.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, weka pembeni spana zako za milimita. Vyombo vya Uingereza vya zama zile vina vipimo vyake. Spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/4 inataja unene wa bolti, na mdomo wake una takribani milimita 13.3. Spana namba 13 inakataa kuingia, namba 14 inacheza, ukikaza inakula kona za nati. Thredi ndiyo hatari zaidi. BSA ilitumia sana thredi za kibaiskeli, 26 kwa kila inchi. Bolti ya kisasa ya milimita 8 itaanza kushika, mtu ataona ugumu akaongeza nguvu, na thredi iliyodumu miaka themanini itakufa kwa mzunguko mmoja. Bolti ikigoma kuingia kwa vidole, itoe.

Kwenye injini yenyewe habari ni njema. Silinda ni ya chuma cha kusubu, kipenyo chake milimita 82, na ikilika huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa mfano kwa nyongeza ya inchi 0.020 au 0.040. Ikishachongwa hadi mwisho hupigwa silivu. Mafundi wa kerezo wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wanaifanya kazi hiyo kwa injini za malori. Pima kwanza kwa geji, juu, katikati na chini, maana silinda hulika zaidi pale ringi ya juu inapogeukia. Silinda ya kiwandani iliyochongwa vizuri naithamini kuliko mpya ya kuiga ambayo hujui chuma chake kilichanganywa na nini.

Magneto ndiyo huwakatisha wengi tamaa. Pikipiki inawaka asubuhi kwa kiki moja, inakwenda vizuri, injini ikipata moto inazima na kukataa kuwaka mpaka ipoe. Mwenyewe anahangaika na kabureta, kumbe kondensa iliyofichwa ndani ya magneto imechoka na inavujisha umeme kila joto linapopanda. Pia waya mwembamba wa koili ulikaziwa kwa shelaki, aina ya utomvu ambao kwa umri na joto hulainika, ukavuja na kuganda kama gundi. Peleka kwa anayejua kusuka koili, aweke waya mpya na kondensa ya kisasa ndani ya mwili uleule wa Lucas wenye tarehe yake. Hapo siogopi upya, kwa sababu utambulisho umebaki. Kisha weka taiming: levya ya usukani ikiwa imewahisha moto hadi mwisho, cheche ipige pistoni ikiwa imebakiza inchi 7/16, karibu milimita 11, kufika juu.

Yapo mambo ambayo uorijino hauna haki ya kudai. Viatu vya breki na sahani za klachi za zama zile mara nyingi vilibandikwa bitana zenye asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Usilipulize kwa kompresa. Liloweshe, lifute kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko na ukitupe kama taka hatari, kisha bandika bitana mpya zisizo na asbesto juu ya viatu vilevile. Spoku zenye kutu ndani ya nipeli zibadilishwe zote, maana ikikatika moja mzigo huhamia kwa jirani zake. Tairi za 3.25 kwa rimu za inchi 19 bado zinatengenezwa mpya, zenye kashata za muundo wa zamani, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpeleka binadamu barabarani juu ya mpira uliopasuka kwa uzee.