Usimchague Beberu kwa Sababu tu Hana Pembe



Vikundi vingi vya kujisaidia vinafuga mbuzi wa maziwa, na faida yake twaijua. Lakini kuna hasara moja ambayo huingia zizini polepole, na watu wasijue imetoka wapi. Hebu tuanze na mfano.

Kikundi cha akina mama kinachanga pesa na kununua beberu wa aina ya Toggenburg. Wanachagua asiye na pembe. Wanasema, "Huyu hataumiza watoto wala kutoboa wenzake." Kila mama anamleta mbuzi wake wa kienyeji mwenye pembe apandishwe. Vitoto vinazaliwa vizuri, na vingine havina pembe kama baba yao. Kila mtu anafurahi.

Majike wale wanapokua, kikundi kinatafuta beberu mwingine ili kuepuka baba kupanda binti zake. Hapo wamefanya vema. Lakini beberu huyu naye hana pembe, na sasa shida inaanza. Mama mmoja anapewa kitoto cha jike katika zamu yake. Anakilisha mwaka mzima na zaidi, lakini hakishiki mimba. Shingo inakuwa nene, kinanuka kama beberu, kinapanda wenzake. Watu wanaanza kusema eti mama huyo hakukilisha vizuri, au ana mkosi. Mwishowe anaona haya hata kuja mkutanoni.

Jamani, kosa si la mama huyo. Kosa lilifanyika siku beberu alipochaguliwa. Tuone sababu.

MENDEL ALIFUNDISHA NINI?

Gregor Mendel alikuwa mtawa katika mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Alipanda njegere (minji) kwa miaka mingi katika bustani ya monasteri, akihesabu mbegu moja moja. Mwaka 1866 maandishi yake yalichapishwa. Alionyesha kwamba kwa kila sifa, mtoto hupokea agizo moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Maagizo haya leo tunayaita jeni. Jeni nyingine zina nguvu na nyingine hujificha.

Kwa mbuzi, jeni ya kukosa pembe ina nguvu. Mbuzi akipata moja tu, hataota pembe. Mwenye pembe hana jeni hiyo hata moja.

Mendel aliona pia kwamba sifa hazifuatani. Katika njegere zake, rangi ya mbegu haikutegemea kama mbegu ni laini au imekunjamana. Kila sifa ilikwenda njia yake.

Lakini si sifa zote zinazofuata kanuni hiyo. Nyingine hutembea pamoja kama chanda na pete.

SHANGA KATIKA UZI MMOJA

Kuanzia mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake huko New York, Marekani, walichunguza nzi wadogo wa matunda. Waligundua kwamba jeni zimepangwa kwa mstari katika nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, kama shanga katika uzi. Mbuzi ana kromosomu 60, yaani jozi 30. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama.

Shanga zilizo katika uzi mmoja husafiri pamoja. Hata hivyo, mwili unapotengeneza mbegu za kiume au mayai ya kike, nyuzi mbili za jozi hukaa bega kwa bega na kubadilishana vipande. Ni kama kukata nyuzi mbili za shanga na kuunga kichwa cha huu na mkia wa ule. Shanga zilizo mbali hutengana mara nyingi. Shanga zilizo jirani hutengana kwa nadra. Kwa kazi hii Morgan alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

PEMBE NA UZAZI

Wafugaji wa Ulaya waliona zamani kwamba mbuzi wasio na pembe huzaa mahuntha, yaani mbuzi ambao si jike kamili wala dume kamili. Wengi walitumaini kwamba siku moja sifa hizi mbili zitatengana. Hazikutengana. Mwaka 2001 wataalamu wa Ufaransa walieleza sababu: katika kromosomu namba 1 ya mbuzi kuna kipande kilichopotea, na hitilafu hiyo moja inagusa pembe na pia uzazi. Hizi si shanga mbili jirani; ni jeraha moja lenye madhara mawili. Ndiyo sababu haziachani.

Kuna tofauti moja ya kushika. Ili kukosa pembe, jeni moja inatosha. Ili kuwa huntha, ni lazima mbuzi apate jeni hiyo kutoka kwa baba NA kwa mama, tena awe amekusudiwa kuwa jike. Kwa hiyo katika uzao wa kwanza wa mfano wetu hakukuwa na shida, maana mama wote walikuwa na pembe.

Sasa tuhesabu uzao wa pili. Baba na mama wote hawana pembe, na kila mmoja ana jeni hiyo moja. Katika vitoto 16, kwa wastani:
- 4 watakuwa na pembe, na 12 hawatakuwa nazo.
- 8 walikusudiwa kuwa majike. Kati yao 2 watakuwa mahuntha, wasiozaa kamwe.

Yaani katika kila majike wanne, mmoja amepotea. Hata madume waliopata jeni hiyo pande zote mbili, baadhi yao njia ya mbegu huziba wakawa tasa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Katika kupandisha, mzazi mmoja awe amezaliwa na pembe. Kama mbuzi wako hana pembe, mtafutie beberu mwenye pembe. Ukifanya hivyo, huntha wa namna hii hatazaliwa.

2. Uliza kama beberu alizaliwa bila pembe au alichomwa akiwa mdogo. Aliyechomwa ana jeni za pembe, naye hana shida. Mara nyingi utaona kovu mahali pa pembe.

3. Chunguza kitoto mapema. Chenye pembe huwa na vizingo viwili vya nywele kichwani, na ngozi ya hapo imeshikana na mfupa. Kisicho na pembe, ngozi yake hucheza ukiisukuma kwa kidole.

4. Tazama uke wa kitoto cha jike kisicho na pembe. Ukiona kinundu kama punje ya njegere kimetokeza, mwite afisa wa mifugo kabla hujakigawa kwa mwanachama.

5. Huntha afugwe kwa nyama. Nyama yake ni nzuri.

6. Andikeni katika daftari: baba, mama, pembe au hapana.

Lakini angalieni, si kila mbuzi asiyeshika mimba ni huntha. Lishe duni, ukosefu wa chumvi za madini, na magonjwa pia huzuia mimba. Mwenye pembe msimhukumu kwa habari hii.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Beberu wetu ana pembe? Kama hana, alizaliwa hivyo au alichomwa?
- Ni majike wangapi wetu walizaliwa bila pembe, na wanapandishwa na nani?
- Je, kuna mwenzetu tuliyemlaumu kwa mbuzi asiyezaa? Tutamwambia nini katika mkutano ujao?