Kwa Nini Mizani ya London Hudanganya Busia

Chukua mizani ya springi iliyorekebishwa London, ile ya kuning'inizwa kwenye ndoano. Ilete hadi soko la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kisha uitundikie gunia la mahindi ambalo kule lilisoma kilo 100 kamili. Mshale utasimama pungufu ya hapo kwa gramu 350 hivi. Hakuna aliyechota, wala panya hakutoboa gunia. Dunia yenyewe ndiyo inalivuta kwa nguvu ndogo zaidi hapa kuliko Uingereza.

Gunia hilohilo likiwekwa kwenye mizani ya mawe, yenye mkono mmoja wa mzigo na mwingine wa mawe, litasoma kilo 100 popote, hata mwezini. Mawe nayo yamepungukiwa kwa kiwango kilekile, kwa hiyo mkono hauinami. Gorogoro, kopo la kupimia nafaka, ndiyo kabisa, haina habari na uvutano: inapima ujazo tu, na ugomvi wake ni wa kitako kilichobonyezwa kwa ndani. Lakini mizani za kidijitali, pamoja na zile kubwa zinazokanyagwa na malori, zina kipande cha chuma kinachojipinda kidogo kinapobebeshwa mzigo, na chuma hicho hudanganyika sawa na springi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la uzito wa tani 56 kwa jumla. Mizani ikiachwa na vipimo vya London, lori la namna hiyo litaonekana jepesi kwa kilo 200 hivi. Kwa dereva ni neema, kwa lami ni hasara. Ndiyo maana mizani hurekebishwa palepale itakapotumika.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Mwaka 1687 Isaac Newton aliandika kwamba kila kitu huvuta kila kitu kingine, na kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mvuto hubaki robo. Sasa, Busia iko takriban kilomita 50 tu kaskazini ya ikweta, na mji wa Tororo ulio jirani haujapita 80. Huku ndiko Dunia imefura: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, na hadi ncha za kaskazini na kusini ni 6,357. Tuko mbali na kitovu kwa kilomita 21 zaidi kuliko ncha hizo. Lakini sababu kubwa ni mzunguko. Ardhi ya ikweta inakimbia kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na sehemu ya mvuto wa Dunia hutumika kutuzuia tusichomoke kwenye duara hilo. Kinachobaki ndicho mizani inakisoma. Ongeza na kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na picha imekamilika. Kitu kikiangushwa London, kila sekunde huongeza mwendo wa mita 9.81 kwa sekunde. Hapa mpakani ni kama 9.78.

Saa ndiyo iliyofichua jambo hili kabla ya mizani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ikweta upande wa Amerika Kusini, akakuta saa yake ya pendulamu inachelewa kwa dakika mbili na nusu kila siku. Mvuto ukipungua, pendulamu hubembea polepole. Saa ya London ikitundikwa ukutani Tororo itachelewa kwa kadiri hiyohiyo.

Wanasayansi wakaugeuza udhaifu huo kuwa chombo. Kati ya mwaka 1899 na 1900 msafara wa Wajerumani, akiwemo Ernst Kohlschütter, ulizunguka na pendulamu katika koloni lao la Afrika Mashariki. Mwaka 1933 na 1934 akafuata Edward Bullard wa Cambridge. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira: unaisimika pendulamu mahali patulivu, unahesabu mibembeo kwa saa nyingi, unalinganisha na muda wa mibembeo yake kule Cambridge. Jibu lililojitokeza lilikuwa la kushangaza. Uwanda wetu wa juu ni mwamba mwingi uliorundikwa juu ya usawa wa bahari, na ungetegemea mwamba huo uongeze mvuto. Haukuongeza kama ilivyotarajiwa. Maana yake, chini kabisa kuna mata nyepesi kuliko kawaida, na uwanda umeinuliwa nayo kama mtumbwi majini. Bullard alikwenda mbele akadai kwamba Bonde la Ufa linabanwa kutoka pande zote mbili. Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha linatanuliwa, milimita chache kwa mwaka. Namba zake zilikuwa sawa. Tafsiri ndiyo iliyopotoka.

Na Mwamba wa Tororo je? Masalia haya ya volkano kongwe yanafika mita 1,483 juu ya bahari, takriban mita 300 juu ya mji. Mwaka 1774 Mwingereza Nevil Maskelyne alionyesha huko Uskoti kwamba mlima huivuta timazi ikaegemea upande wake. Kwa hesabu ya haraka, fundi mwashi anayejenga chini ya Mwamba wa Tororo, mwenye uzi wa mita tatu, timazi yake inaegemea mwamba kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Ukuta wake ukipinda, asiusingizie. Na mtu wa kilo 70 akiupanda mwamba huo kwa ngazi hadi kileleni atakuwa mwepesi kwa gramu tano au sita, ukiacha jasho.

Upande wa Busia ya Uganda, maeneo ya Tiira na Busitema, wachimbaji wadogo wanatumia uvutano kwa riziki. Mawe yaliyosagwa humwagwa pamoja na maji kwenye ubao ulioinama. Dhahabu, yenye uzito mara 19 wa maji ya ujazo uleule, hutua mapema na kunasa; mchanga, ambao haufiki mara tatu, huchukuliwa na mkondo. Bila maji na bila hewa vyote viwili vingeanguka kwa kasi moja, na mchimbaji angelala njaa.

Siku hizi kazi ya pendulamu inafanywa na setilaiti. Zile za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, zilikuwa mbili zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Ya mbele ikikaribia eneo lenye mata nyingi huvutwa mapema, pengo likapanuka kwa kiasi kidogo mno, nalo likapimwa. Mwaka 2008 Joseph Awange, mtaalamu kutoka Kenya, na wenzake walizitumia kuchunguza kupungua kwa maji ya Ziwa Victoria. Ziwa hilo likipanda mita moja tu, Dunia imebebeshwa pale karibu tani bilioni 69, na anga inahisi. Mei 2020 lilipofikia kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1960, wakazi wa Port Victoria na Budalang'i hawakuhitaji setilaiti kuambiwa.

Ikweta nayo ina faida yake. Roketi inayorushwa hapa kuelekea mashariki huondoka tayari na mwendo wa mita 460 kwa sekunde, unaotolewa bure na mzunguko wa Dunia. Waitalia waliliona hilo wakajenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, ikarushwa pale setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru. Ilitazama miale ya eksirei. Chanzo kimoja, Cygnus X-1, kilimetameta kwa haraka mno, dalili kwamba ni kitu kidogo sana. Wanaastronomia wakakuta kando yake nyota inayozunguka kila baada ya siku 5.6, ikivutwa na kitu kisichoonekana. Kwa mwendo wa nyota hiyo wakakipima, kwa kanuni ileile ya Newton: ni kizito kupita kiasi, hakiwezi kuwa nyota iliyokufa ya kawaida. Ni shimo jeusi. Kwa miaka kadhaa lilihesabiwa kuwa na mata ya jua 15 hivi, mpaka mwaka 2021 umbali wake ulipopimwa upya na kuonekana ni miaka ya nuru 7,200, mbali kuliko ilivyodhaniwa. Nyota ikiwa mbali zaidi, ni kubwa na inang'aa zaidi, na hesabu nzima hupanda: jua 21.