Mahali pa kuweka uzi wa mashini

Hapa Katanika tunashona mashati meupe na sketi za bluu mbele ya masomo kufunguliwa mwezi wa 9. Uzi ukikatika kila mara, mshono unafunguka, na mzazi harudi tena kwetu.

Bobini ndogo inazunguka juu ya chuma cha mashini: tuweke kipande cha kitambaa chini yake, isizunguke mbio. Koni kubwa ni nzito kwa chuma hicho. Tuisimamishe ndani ya kikombe nyuma ya mashini. Uzi upande juu wima, upite katika kitanzi cha waya, ndipo uingie mashini. Tuvute kwanza kwa mkono. Ukija polepole bila kukwama, tushone. Kikombe tunacho nyumbani, feza tununue uzi.