Namna ya kuisoma sarafu kongwe ya Hispania

Kwa karibu miaka 300, sarafu ya fedha ya Hispania yenye thamani ya reale nane ilikuwa miongoni mwa pesa zilizoaminiwa zaidi duniani. Ilipokewa na wafanyabiashara wa Manila na China, na nchini Marekani iliendelea kuwa pesa halali hadi mwaka 1857. Hata jina riali, linalotumika hadi leo Oman, lina asili yake katika neno hilo la Kihispania, lenye maana ya "ya kifalme".

Umaarufu huo umewavutia pia waghushi, na wanunuzi wengi wamepoteza pesa zao kwa sarafu bandia. Hata hivyo, maandishi yaliyomo kwenye sarafu yenyewe yanaweza kuufichua udanganyifu huo.

Maandishi hayo ni ya Kilatini, na mengi yamefupishwa. Katika sarafu iliyofuliwa Mexico mwaka 1783, upande wenye sura ya mfalme umeandikwa CAROLUS III DEI GRATIA, yaani "Carlos wa Tatu, kwa neema ya Mungu". Mwaka umeandikwa chini ya sura hiyo.

Upande wa pili una ngao iliyo kati ya nguzo mbili na maneno HISPAN ET IND REX, yaani mfalme wa Hispania na wa makoloni yake ya ng'ambo. Herufi M yenye o ndogo juu yake ni alama ya Mexico. 8R ni reale nane. Na FF ni herufi za wakaguzi waliothibitisha ubora wa fedha. Sarafu za Potosí, katika Bolivia ya leo, hutambulika kwa herufi P, T na S zilizopandana.

Jambo la msingi ni kwamba jina, sura na mwaka sharti vilingane. Carlos wa Tatu alifariki Desemba 1788. Kwa hiyo sarafu yenye jina lake na mwaka 1795 ni ya kutiliwa shaka. Vivyo hivyo sarafu ya Mexico yenye sura ya mfalme na mwaka 1765, kwa kuwa sura hiyo ilianza kutumika huko mwaka 1772. Kabla ya hapo ziliwekwa nguzo na matufe mawili ya dunia.

Lakini si kila tofauti ni kosa. Baadhi ya sarafu za mwaka 1789 zina jina la Carlos wa Nne na sura ya baba yake, kwa sababu sura mpya ilikuwa haijafika kutoka Hispania.

Baada ya maandishi hufuata mizani: sarafu nzima huwa na uzito wa takriban gramu 27, na haivutwi na sumaku. Aliye nayo asiisugue ili ing'ae, kwani kuisugua hupunguza thamani yake.