Kiazi Ki Hai Ndani ya Gunia

Wakulima wa Kinangop na Ol Kalou, yafaa mjue neno hili: kiazi kilichochimbwa hakikufa. Hata kikiwa njiani kwenda Nairobi kingali chapumua.

Kiazi kimejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Kila seli ina ukuta, na ndani yake mna kiini kiongozacho kazi, chembe za wanga zilizo akiba ya chakula, na sehemu ndogo ziitwazo mitokondria. Hizo ni kama jiko. Sukari itokayo katika wanga huunguzwa humo polepole kwa oksijeni ya hewa, na seli ikapata nguvu. Hutoka maji, joto, na hewa kama ile tuitoayo puani.

Sasa, gunia likishindiliwa na kufunikwa pasipo upepo, joto huzidi. Joto likizidi, seli hutaka oksijeni zaidi. Zile za katikati ya kiazi huikosa, zikafa. Mama wa Kaloleni au Makongeni hununua kiazi kizuri kwa nje, akikikata akuta moyo mweusi. Mara ya pili hanunui kwenu.

Kwa hiyo:

1. Wekeni viazi mahali pa baridi penye upepo.
2. Gunia lisizidi kilo 50, kama zisemavyo kanuni za mwaka 2019.
3. Msiviache juani. Mwanga huvifanya kijani, na sumu huongezeka ndani yake.

Kiazi kinachopumua vizuri hufika sokoni kizima.